Je, wajua kwa nini Apple ilivikumbatia vitabu ilivyokuwa imevipa kisogo?

Januari 2008, waandishi wa New York Times walimuuliza Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, anaionaje Kindle, kifaa cha kusomea vitabu pepe ambacho Amazon ilikuwa imekitoa miezi miwili tu nyuma. Akaipuuza. Alisema watu hawasomi tena, kwamba asilimia 40 ya Wamarekani walisoma kitabu kimoja au pungufu mwaka uliopita.

Tarehe 27 Januari 2010, Jobs huyohuyo alipanda jukwaani San Francisco akiwa na iPad, kishikwambi kipya cha Apple, akaonyesha programu yake ya vitabu, iBooks. Vitabu vilipangwa kwenye rafu ya mbao. Ukivuta ukurasa kwa kidole, ulijikunja polepole kama karatasi halisi, na mgongoni mwake ukayaona maandishi kwa mbali, yamegeuka kinyume.

Nini kilimgeuza? Wasomaji walikuwa wameshatangulia. Duka la programu za iPhone lilipofunguliwa Julai 2008, watu waliipokea Stanza, programu ya kusomea vitabu, wakasoma riwaya nzima kwenye kioo cha inchi 3.5, ambapo aya moja yaweza kujaza ukurasa. Machi 2009 Amazon nayo ikaingiza programu ya Kindle ndani ya iPhone. Mshindani akawa na duka la vitabu ndani ya simu ya Apple, mwenye simu hana.

Ila kwa maoni yangu, bei ndiyo iliyofungua mlango. Amazon iliuza vitabu vipya vinavyovuma kwa dola 9.99, mara nyingi kwa hasara, na wachapishaji wakahofia wasomaji watazoea. Apple ikawaambia wapange bei wenyewe, yenyewe ichukue asilimia 30. Watano kati ya sita wakubwa wa Marekani wakakubali, na vitabu vingi vipya vikapanda hadi dola 12.99 na 14.99.

Hapo ndipo ninapoumia kama msomaji, kwa sababu rafu ile nzuri tulilipishwa sisi. Serikali ya Marekani ilifungua kesi Aprili 2012, na Julai 2013 Jaji Denise Cote akaamua kwamba Apple ilishiriki njama ya kupandisha bei. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa kusikiliza rufaa mwaka 2016, Apple ikalazimika kuwalipa wanunuzi dola milioni 400. Kwa wengi, fidia iliingia kwenye akaunti zao za kununulia vitabu: dola 6.93 kwa kila kitabu kilichovuma, na 1.57 kwa vingine.