Ustawi na ushiriki wa vijana: maneno haya yana maana gani?

Neno "ustawi" limetoka shambani. Mahindi yakipata mvua za Novemba na mbolea kidogo, shina likanenepa na majani yakakolea rangi, wanaolima pembeni mwa Lubumbashi husema yamestawi. Hawana maana kwamba yameponea jua tu. Wanasema mmea unakua kadiri ulivyopaswa kukua. Kwa kijana ni vivyo hivyo. Aliyepata bukari, yaani ugali, jioni hakulala njaa, lakini bado hatujajua kama anastawi. Anahitaji afya ya mwili na ya akili, njia salama ya kurudi nyumbani usiku, masomo au ufundi wa kumfikisha mahali, marafiki, na watu wanaomsikiliza akifungua kinywa.

Kwenye kusikilizwa ndipo linapoingia neno la pili, "ushirikishwaji". Hebu tulitazame. Kushiriki ni kutenda mwenyewe. Kushirikisha ni kumfanya mwingine ashiriki. Kushirikishwa ni kufanyiwa hivyo. Ndani ya ushirikishwaji basi mna watu wawili: mwenye ufunguo na anayengoja mlangoni. Mimi naona ni mwanzo mzuri, lakini mwenye ufunguo aweza kufungua leo akafunga kesho. Ndiyo maana napenda zaidi neno "ushiriki": hapo kijana ni mmoja wa wenye nyumba.

Mwaka 1992 mtaalamu Roger Hart aliandika kwa ajili ya UNICEF kuhusu ngazi ya ushiriki yenye vipandio 8. Vitatu vya chini, alisema, si ushiriki: watoto na vijana kutumiwa, kufanywa pambo, na kuwekwa kwa jina tu. Hali hiyo tunaifahamu sote. Vijana wa Katuba au wa Kenya, komini za mji wetu wa Lubumbashi, wanaitwa, wanavikwa fulana mpya, wanaimba mgeni akiingia, wanapigwa picha, wanapewa soda, basi. Kuanzia kipandio cha nne kijana huelezwa kwa nini ameitwa. Cha tano huulizwa maoni na kuambiwa yametumikaje. Cha sita wakubwa huleta jambo lao lakini hukata shauri pamoja naye. Na kileleni? Wazazi wengi huogopa kwamba ni vijana kujitawala bila wakubwa. Sivyo. Kileleni vijana ndio wanaoanzisha jambo, kisha wanawaita wakubwa waamue pamoja.

Mji wetu wenyewe unaonyesha kwa nini ustawi na ushiriki havitenganishwi. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni iliyoanzishwa mwaka 1906, na baadaye Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, ziliwapa wafanyakazi nyumba, posho ya unga, hospitali na shule za watoto. Watu waliiita kampuni baba na mama. Lakini nafasi ya kusema ilikuwa finyu mno: mwaka 1941 wafanyakazi waliogoma kwa ajili ya mishahara walipigwa risasi hapa hapa mjini. Kisha katika miaka ya 1990 uzalishaji ukaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Watoto waliokuwa wamelelewa na kampuni wakajikuta bila ada ya shule. Walikuwa wamepewa mengi, lakini hawakuwa na sauti juu ya lolote. Leo malori ya shaba na kobalti yanapita kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kijana anayeyatazama kando ya barabara ana haki ya kuuliza utajiri huo unamfikiaje.

Sheria iko upande wake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 42, inailazimu serikali kulinda afya, elimu na makuzi kamili ya vijana. Kifungu cha 43 kinaitaka iunge mkono vyama vyao. Mkataba wa Afrika wa Vijana, uliopitishwa Banjul mwaka huohuo, unawahesabu vijana kuwa wenye miaka 15 hadi 35 na kuwapa haki ya kushiriki katika nyanja zote za jamii.

Mfano wa vipandio vya juu tunao pia. Mwaka 2008 wasanii wa hapa, Sammy Baloji akiwa mmoja wao, walianzisha chama cha sanaa kiitwacho Picha, na ndani yake ikazaliwa biennale ya Lubumbashi, yaani maonyesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili. Wazo lilitoka kwao wenyewe.

Lakini tusidhani ngazi hii ni ya ofisi na vyama tu. Mama anayemuuliza binti yake kama anataka ualimu au ushonaji kabla ya kulipa ada, kisha akamweleza alivyoyatumia majibu yake, amempandisha hadi kipandio cha tano. Akimwonyesha pia pesa zilizopo, wakakaa na kukata shauri wote wawili, wamefika cha sita.