Beringi za tela: kukaza nati mpaka mwisho si usalama

"Kaza mpaka mwisho, fundi, sitaki tairi licheze njiani." Maneno haya nimeyasikia tena Jumatatu, na tangu msimu wa korosho uanze hapa Masasi nimechoka kuyahesabu. Safari hii aliyeyasema ni mzee ninayemheshimu, mwenye trekta na tela la ekseli moja. Alikuja na habu iliyokufa, yaani kile kitovu cha gurudumu kinachokaa beringi. Nilipofungua kifuniko, harufu ya grisi iliyoungua ilitufanya turudi nyuma sote wawili. Rola za beringi ya nje zilikuwa za bluu, keji inayozishika rola imekatika vipande, na spindo, ile ncha ya ekseli inayoingia kwenye habu, imeliwa kiasi kwamba ukipitisha ukucha unanasa. Beringi hizo zilifungwa zikiwa mpya, siku tisa tu zilizopita. Nati ilikazwa kwa spana iliyoongezewa bomba, na pini inayozuia nati isijifungue ikapigwa nyundo ili iingie.

Mzee akaniambia, "Mwanangu, basi nimeuziwa feki." Nikamwomba akae, nikamweleza hivi.

Beringi za tela zina rola za mshazari, zilizolala kwa kuinama kama umbo la pia. Ziko mbili kwenye habu, ya ndani na ya nje, zimepeana mgongo, na nati ndiyo inayozisogeza. Ukikaza kupita kiasi, rola zinabanwa kwenye vikombe vyake, zile pete za nje zinazotembelea, kabla hata gunia moja halijapanda. Utando wa grisi unasukumwa pembeni, chuma kinasugua chuma, joto linapanda. Joto likipanda chuma kinatanuka, nafasi iliyobaki inazidi kupungua, joto linapanda tena. Grisi inayeyuka na kutokea kwenye sili, ule mpira wa kuzuia grisi isitoke, inaingia kwenye breki. Kuanzia hapo tela halina safari ndefu.

Beringi hizi zinataka nafasi kidogo, isiyozidi robo ya milimita. Sisemi ziachwe zikilegea: tairi linalocheza waziwazi nalo linapigapiga rola na kuzipasua. Nasema nafasi hiyo ndogo ni sehemu ya kazi, si uzembe wa fundi. Na hapa ndipo ninapowalaumu wateja kuliko vijana wa gereji. Kijana anafunga vizuri, mwenye tela anakuja, anatikisa tairi kwa nguvu zake zote, anasema "bado". Kijana anataka alipwe, basi anakaza.

Utaratibu ni huu. Nyanyua tela kwa jeki, weka mawe au stendi. Zungusha tairi kwa mkono huku unakaza nati kwa spana mpaka tairi liwe zito. Hapo unazikalisha rola mahali pake. Bila kuzungusha tairi tena, legeza nati mpaka izunguke kwa vidole. Kisha irudishe kwa vidole tu, bila spana. Tundu la pini lisipolingana, legeza mpaka linalofuata, usikaze kulifuata. Chomeka pini mpya, kunja miguu yake. Ukishika tairi juu na chini ukalitikisa, utahisi mguso mdogo mno, karibu na hakuna. Hapo umemaliza, ondoa mikono. Ekseli kubwa za lori zenye nati mbili zina utaratibu wake wa kufunga.

Beringi mpya za mzee nilizifunga mbele yake, yeye mwenyewe akikaza nati kwa vidole. Alinitazama kama ninayemtania. Amekwenda Mtwara na kurudi mara mbili, na jana nimeigusa habu ikiwa vuguvugu tu.

Yako na maneno mengine ninayoyasikia kwa wenye tela, nayajibu moja moja.

"Nimezidisha gunia chache tu, chuma hakihisi."

Chuma kinahisi sana. Umri wa beringi za rola haupungui sawasawa na mzigo, unaporomoka: ukiongeza mzigo mara mbili, umri unabaki kama sehemu moja ya kumi. Chukua ekseli ya tani 3 na tela ambalo likiwa tupu lina kilo 600. Imebaki nafasi ya kilo 2,400, yaani gunia 30 za kilo 80. Ukipakia 38 umezidisha uzito kwa kama asilimia 20, na umri wa beringi umeukata karibu nusu. Gunia nane. Na ukizilundika upande mmoja kwa sababu kamba ni fupi, beringi za upande huo ndizo zinazobeba deni lote.

"Jaza grisi mpaka imwagike."

Hapana. Grisi inatakiwa iwe ndani ya rola, isukumwe kwa kiganja kutoka upande mpana wa beringi mpaka itokeze upande wa pili. Habu yenyewe isishindiliwe ikajaa, maana grisi iliyojaa inajikoroga, inazaa joto na kusukuma sili. Wala usichanganye aina mbili. Grisi ya lithiamu ikikutana na ile iliyokolezwa kwa udongo maalumu inaweza kulainika ikawa kama mchuzi. Kama hujui iliyomo ni ipi, osha beringi kwa dizeli, ikaushe kabisa, anza upya.

"Tela halijatembea tangu Februari, beringi zake ni kama mpya."

Hili linanikera karibu sawa na lile la nati. Tela lililolala masika yote chini ya mkorosho linaharibika likiwa limesimama. Unyevu unaingia, rola zimekaa palepale miezi minane, na kutu inachora mistari kwenye kikombe, mstari mmoja kwa kila rola. Oktoba unapakia, beringi inapita juu ya mistari hiyo kama gari kwenye barabara ya matuta, na chuma kinaanza kubanduka. Kwa hiyo mimi nasema habu ifunguliwe msimu unapoisha, si unapoanza. Toa grisi chafu, weka mpya, weka sili mpya, pandisha ekseli kwenye magogo, na mtoto wa nyumbani azungushe matairi kila mwezi. Wanaofanya hivi siwaoni gereji Oktoba, na sihuzuniki.

"Sili ni nzima, maji hayaingii."

Hili ni la wenye boti. Nina wateja wawili wanaovuta boti mpaka ghuba ya Mikindani, na wote wawili walirudi na grisi nyeupe kama maziwa. Habu imetoka barabarani ina moto, unaizamisha ghafla kwenye bahari. Hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, inavuta maji kupitia mdomo wa sili hata kama sili ni mpya, na maji yenyewe ni ya chumvi. Ukifika ufukweni subiri habu ipoe mpaka uishike bila shida, ndipo uteremshe boti. Baada ya kuzamisha usikae msimu mzima bila kufungua kuangalia.

"Nibadilishie beringi, kikombe bado kinang'aa."

Vinabadilishwa pamoja. Kikombe cha zamani kina alama za rola za zamani, na kitazila rola mpya.

"Ikiharibika italia, nitasikia."

Kwenye trekta linalonguruma utasikia nini? Tumia mkono. Ukitoka Masasi na mzigo, simama kabla hujafika Ndanda, na kabla ya kukanyaga breki kwa muda mrefu, maana breki nazo zinapasha habu. Sogeza kiganja karibu na kila habu kwanza, kisha gusa. Linganisha kulia na kushoto. Vuguvugu pande zote ni sawa. Upande mmoja ukikufanya uondoe mkono papo hapo, usiseme utafika Nanganga. Shusha mzigo, fungua.

Na ndani ya trekta beba beringi ya ndani na ya nje pamoja na vikombe vyake, sili moja, pini mbili na kopo dogo la grisi ileile iliyomo kwenye habu. Namba za beringi ziandike kwa rangi kwenye fremu ya tela, kwa sababu ile ya zamani ikishaungua, namba yake haisomeki.