Viwango vya intaneti: tuanze na masaa, viza baadaye

Kila ukifungua tovuti hapa Nairobi kuna sheria zinaamua vile simu yako itaongea na kompyuta ya mbali, na nyingi zimetoka IETF, kikundi cha kuandika viwango vya intaneti kilichoanza 1986. Hakuna kadi ya uanachama, rasimu zote za hizo sheria ni za kusoma bure, na yeyote anaweza tuma maoni kwa barua pepe hata akiwa Kasarani na bando ya jioni. Sasa watu hutuuliza, kama mlango uko wazi hivyo mbona ndani kumejaa wanaume wa Marekani na Ulaya?

Sisi tunasema ni masaa, na najua kuna wenye watabisha. Wengi wa wanaoandika hizo rasimu wanalipwa na kampuni zao kufanya hiyo kazi, lakini injinia wetu anayeshughulikia mtandao wa sacco ama chuo anazisoma usiku akishamaliza za bosi, alafu kikao kikiwekwa saa nane mchana San Francisco mwezi wa saba, huku ni saa sita usiku na kesho kuna jam ya Thika Road inamngoja. Mama wa mtoto mchanga ndio huyo tumempoteza. Kwa hivyo kitu ya kwanza ni waajiri wa hapa watoe hata siku moja kwa wiki, iandikwe kwa mkataba, isiwe hisani ya bosi.

Ya pili ni kushika kalamu, juu kuhudhuria tu hakutoshi. Soma rasimu moja, ijaribu, useme wazi "hii sehemu inakwama laini ikikatika katikati", hiyo ina uzito kuliko kusifu, na ukiendelea hivyo utaombwa kusaidia kuandika.

Viza na tiketi za ndege ni shida kweli, ila kuna njia ya kuzunguka. Tangu RFC 9389 ya 2023 (RFC ni hati ambazo IETF huchapisha), ukihudhuria mikutano 3 kati ya 5 iliyopita, hata kwa mtandao, unaweza jitolea kuwa kwa kamati inayoteua viongozi wa IETF, na wapiga kura wake 10 huchaguliwa kwa bahati nasibu. Wakenya wakijitolea wengi, nafasi ya mmoja wao kutokea inapanda. Kama ada ya kuhudhuria kwa mtandao ndio imekushinda, omba usamehewe, huo mpango upo.