5G imefika mkoani kwenu, maana yake nini hasa?

Kampuni ya simu ikitangaza 5G imefika mkoa fulani watu wengi wanaelewa kwamba kuanzia kesho kila simu mkoa mzima itapaa, halafu ukifungua video inazunguka vilevile unaanza kusema wametudanganya. Sio lazima wawe wamedanganya ila tangazo limeficha kitu cha muhimu. Mtandao hauwashwi kwa mkoa, unawashwa mnara kwa mnara. Vodacom walivyozindua 5G hapa Tanzania Septemba 2022 walianza na Dar, na hata hapohapo Dar ilikuwa baadhi ya maeneo tu. Kwahiyo swali la kuuliza sio kama imefika Mwanza au Dodoma, uliza mnara unaokuhudumia wewe ni upi na umefungwa mitambo gani.

Sasa ukiwashwa mnara, inafika mpaka wapi? Hapa ndo kuna masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba mtandao hewani. Oktoba 2022 TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, walipiga mnada masafa kadhaa, kuanzia 700 hadi 3500 megahezi. Ya chini kama 700 yanaenda mbali na yanapenya ukuta vizuri, ila hayabebi data nyingi kwa mpigo. Ya 3500 ndo yenye spidi inayotangazwa, lakini hayaendi mbali, na ukuta wa tofali yanauogopa, ndo maana unakuta mtu barazani anasoma 5G full, akiingia chumba cha nyuma inarudi 4G. Simu haina tatizo hapo, na laini pia haina tatizo.

Ukitaka kujua kama mnara wa mtaani umeguswa angalia juu kule kwenye antena, zile za siku zote ni ndefu nyembamba, za 5G ya masafa ya juu mara nyingi ni fupi, nene kama boksi. Lakini hata boksi likiwepo bado kuna kitu ambacho hakionekani kwa macho na mimi naona ndo kinaumiza watu wengi hasa nje ya miji, nacho ni njia ya kutoka mnarani kwenda makao makuu. Mnara ukiwa umevutiwa faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo unaobeba data nyingi, sawa, ukiwa unategemea sahani ya kurushiana mawimbi na mnara mwingine, na sahani yenyewe ni ya zamani, basi mnagawana kijinjia kilekile, saa mbili usiku kila mtu yuko online spidi inashuka hata kama juu ya simu imeandika 5G. Hii kampuni zingekuwa zinaisema wazi jamani, kwasababu mtu ananunua simu ya laki kadhaa akitegemea hiyo alama.

Na hiyo alama yenyewe isikupe moyo sana. 5G nyingi inaegemea 4G, simu inajiunga kwanza 4G halafu inaongezewa 5G juu yake, kwahiyo kama 4G ya mtaani kwenu ni mbovu hata 5G itayumba.

Kwa upande wako hakikisha simu inakubali 5G, na sio 5G tu, ikubali masafa ya kampuni yako, maana simu zingine za kuagiza nje zimetengenezwa kwa masafa ya huko. Laini ya zamani sana peleka dukani wakubadilishie. Ingia setingi uangalie aina ya mtandao imeruhusu 5G. Halafu pima spidi asubuhi na pima usiku, nje na ndani, ndo utajua kilichofika kwenu.

Kuhusu bando, MB ni MB, 5G haina makato yake ya siri. Kinachotokea ni kwamba YouTube ikiona spidi kubwa inajipandisha ubora yenyewe, GB yako inaisha mapema. Weka ubora wa video 480 mwenyewe, kwenye kioo cha simu inatosha kabisa.