Picha ndogo haiuzwi na fremu ya kung'aa

Wachoraji wengi wanaoanza hapa Arusha wanaamini fremu nene ndo inapandisha bei. Sio kweli jamani. Chukua picha ya saizi ya postikadi, twiga wawili na Mlima Meru nyuma yao, itie kwenye fremu ya rangi ya dhahabu upana wa vidole vinne uone, mteja anatazama fremu na twiga wameshamezwa. Picha ndogo inanyanyuliwa na nafasi. Tafuta kadi nene nyeupe ya maziwa, kata dirisha katikati, acha sentimita tano au sita kila upande na chini ongeza kama nusu sentimita hivi, maana ukiacha sawasawa jicho linaona kama picha inateleza kwenda chini, halafu mbao nyembamba inatosha kabisa.

Eti kila picha lazima kioo, hapana. Mchoraji Edward Tingatinga alianza kuchora kule Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, na rangi ile ikishakauka vizuri unaifuta vumbi kwa kitambaa tu, sasa kioo cha nini? Kinachohitaji kioo ni kazi za karatasi, rangi ya maji, penseli, na hizi za magome ya migomba. Ila kioo kisiguse mchoro! Mwaka wangu wa kwanza nilibana picha ya rangi ya akriliki, ya kwenye karatasi, moja kwa moja na kioo, masika ikaingia na unyevu wake, mama aliyeinunua akanirudishia, nilipofungua kipande cha anga kikabaki kimeganda kwenye kioo. Nilimrudishia hela yake na bado inaniuma. Ile kadi yenye dirisha ndo inaacha upenyo wa hewa, kwahiyo kazi yake sio urembo tu.

Selotepu nyuma ya mchoro usiweke, inageuka njano na doa halitoki. Boksi la TV nalo hivyohivyo, linachafua karatasi taratibu. Tumia vipande viwili vya karatasi laini na gundi ya uji wa ngano, bandika ukingo wa juu tu, karatasi ya mchoro ining'inie iweze kutanuka na kusinyaa.

Na wanaosema weka juani ili rangi zionekane, mji wetu uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, jirani na ikweta, jua hapa halina huruma na kioo cha kawaida hakizuii vya kutosha. Nyekundu za bei rahisi ndo zinaanza kupauka. Weka kivulini penye mwanga.

Mtalii wala usimlazimishe fremu. Anaondokea uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na begi limejaa, kioo kitavunjikia kwenye ndege. Mpe picha kwenye kadi yake, ndani ya nailoni, hadibodi nyuma, kipimo cha A4 kama anatoka Ulaya au sentimita 20 kwa 25 kama ni Mmarekani, akifika kwao ananunua fremu dukani inaingia bila kukata kitu.