Mahindi yalipofika magotini

"Mimba iliingia lini?" Humuuliza hivyo kila mama anayelala kwenye kitanda changu cha skani, na hapa vijijini kusini mwa Busia, upande wa Uganda, ni nadra nipate jibu lenye tarehe. Kwenye foleni utamkuta Msamia, Mteso na mchuuzi wa samaki aliyevuka mpaka, kwa hiyo tunaongea Kiswahili. Katikati ya Septemba mama mmoja kutoka Majanji, ufukweni mwa ziwa, alifikiri kidogo akanijibu: "Sista, mahindi yalikuwa yamefika magotini."

Nilimwelewa. Ila waliopanda na mvua ya kwanza na waliochelewa hupishana hata mwezi mzima, na mwezi mmoja kwenye mimba ni mwingi mno.

Wengi huja wakitaka kujua kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Mimi nikiulizwa mashine hii ina faida gani kubwa kijijini, nasema tarehe. Mimba ikiwa changa, watoto wote hukua karibu kwa mwendo mmoja. Nikimpima mtoto kutoka utosini hadi makalioni kabla ya wiki ya 14, nitakosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Baada ya hapo napima kichwa na mfupa wa paja, na kufikia wiki ya 21 kosa linaweza kufika siku 10. Baada ya wiki ya 28 linafika wiki 3. Wakati huo nikiona mtoto mdogo sijui kama ni mdogo kwa sababu mimba bado, au kwa sababu kondo la nyuma halimlishi vizuri. Hakuna kitu kinachoniumiza kichwa kama hicho.

Dawa ya kinga ya malaria huanza kutolewa wiki ya 13. Sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto anayetaka kuja mapema hutolewa kabla ya wiki ya 34, na tunatakiwa kuwa na uhakika wa umri wa mimba. Mimba ikifika wiki ya 41, mama huanzishiwa uchungu. Miaka ya nyuma, mahali fulani nilipofanya kazi, mama mmoja alianzishiwa uchungu kwa hesabu ya hedhi ya mwisho aliyoikumbuka, kumbe mimba iliingia baadaye sana na ilikuwa bado haijatimia. Mtoto alizaliwa na manyoya mabegani, mbavu zikibonyea kila akivuta pumzi. Alilala kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wiki tatu. Alipona, lakini hakupaswa kupitia yale.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apigwe skani mara moja kabla ya wiki ya 24. Vifaa sasa vipo vinavyoshikika mkononi kama mashine ya kunyolea, vinachomekwa kwenye tableti, na sola inatosha kuvichaji. Lakini mama anakuja na miezi saba. Nauli ya bodaboda ni sababu, na kuficha mimba changa ni desturi ya wengi. Nyingine tumeileta sisi wahudumu: mama anakuja mapema, anaambiwa arudi na mumewe, na mumewe yuko ziwani. Harudi mpaka tumbo limtangulie. Jamani, mpokeeni huyo mama siku aliyokuja!

Yule wa Majanji alikuwa na wiki 19. Kondo lilikuwa limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi. Mara nyingi hupanda kadiri mji wa mimba unavyokua, kwa hiyo nilimwandikia arudi wiki ya 32. Likibaki limeziba njia, atajifungulia kwenye upasuaji na damu ya kuongezewa, na kituo chetu cha ngazi ya tatu hakina chumba cha upasuaji. Usafiri lazima upangwe mapema.

Akaniuliza atajifungua lini. Nikamwambia mwanzoni mwa Februari.

"Basi mvua ya Machi itanikuta na mtoto mgongoni," akasema, kisha akanipa daftari lake la kliniki niiandike ile tarehe juu ya jalada, kwa herufi kubwa, mama mkwe aione.