Kitu Halisi, Hadithi ya Uongo: Dhana Potofu Kuhusu Kumbukumbu za Vita

Wateja wanaofika ofisini kwangu hapa Kisumu wakiwa wamefunga medali, sarafu au picha ya kuchorwa ndani ya leso huniuliza karibu wote swali moja: "Mwalimu, hiki ni halisi?" Nikijibu kwamba ni halisi, leso hufungwa na mtu husimama aende zake, kana kwamba shughuli imekwisha, ilhali kwangu ndiyo kwanza inaanza. Nimelijibu swali hilo kwa mdomo hadi nimechoka, kwa hiyo leo nalijibu kwa maandishi, na ninaomba radhi mapema kwa pale subira itakaponiishia.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni kwamba kitu kikiwa halisi, basi masimulizi yanayoandamana nacho ni ya kweli. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina njia yake ya kuthibitishwa. Uhalisi huulizwa kitu chenyewe: madini yake, uzito wake, umbo la herufi, namna kilivyochakaa. Historia ya umiliki huulizwa watu na karatasi: nani alikishika, tangu lini, alikipokea kutoka kwa nani, na kwa njia gani, iwe ni kutunukiwa, kununua, kurithi au kupora. Sonara anaweza kukuhakikishia kwamba sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916, ni ya dhahabu. Hawezi kukuambia imepitia mikono ya nani, na wala dhahabu yenyewe haimzuii mtu kughushi.

Mwaka huu alinijia kijana kutoka Siaya akiwa na medali ya fedha ambayo, kwa maelezo ya ukoo mzima, babu yake askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) aliipata Burma akipigana na Wajapani. Niliigeuza chini ya taa. Upande mmoja ulikuwa na sura ya Malkia Elizabeth II, aliyerithi ufalme mwaka 1952, miaka 7 baada ya Japani kusalimu amri. Utepe wake ulikuwa wa manjano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani, na juu yake kilikaa kipau kidogo cha fedha kilichoandikwa KENYA. Kipau hicho kilitolewa kwa operesheni za kati ya tarehe 21 Oktoba 1952 na 17 Novemba 1956, yaani vita dhidi ya Mau Mau. Ukingoni mlikuwa na nambari, cheo, jina na kikosi, vyote vikiwa vimepigwa chapa sawasawa. Medali ilikuwa halisi pasipo shaka yoyote. Hadithi ndiyo iliyokuwa ya medali nyingine.

Simaanishi kwamba mzee hakufika Burma. Askari wengi wa Keya walipita bonde la Kabaw mwaka 1944, na wako waliobaki jeshini hadi wakati wa Hali ya Hatari. Lakini nyota ya Burma ni ya shaba, ina pembe 6, na Uingereza iliitoa bila jina la mtu. Huenda familia ilikuwa na zote mbili, moja ikapotea, na hadithi yake ikahamia kwa iliyobaki. Huenda pia, na hili ni oni langu tu, kwamba baada ya uhuru wa 1963 mtu mwenye kipau cha KENYA aliona ni salama zaidi kuwasimulia wajukuu habari za Burma. Familia hazisahau ovyo. Mara nyingi huchagua la kusahau.

Anayedhani kwamba hii ni kasoro ya wanakijiji wasio na karatasi amtazame Richard Meinertzhagen, afisa Mwingereza aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Mtu huyo baadaye alisifika kwa ukusanyaji wa ndege, na mwaka 1954 alikabidhi makumbusho ya London maelfu ya ngozi za ndege zenye vibandiko vilivyojazwa kwa uangalifu. Watafiti walipozichunguza miaka mingi baada ya kifo chake, waligundua kwamba nyingi aliziiba kwenye makusanyo ya wengine na kuziandikia upya mahali na tarehe. Ndege walikuwa halisi, kila unyoya. Kibandiko ndicho kilichodanganya. Bundi mmoja wa India, ambaye yeye alidai kumpata Gujarat mwaka 1914, aliwapoteza watafutaji hadi alipoonekana tena mwaka 1997 katika jimbo jingine, baada ya mtafiti kuamua kukipuuza kibandiko hicho.

Hata hivyo, fimbo tatu za Koitalel, ambazo Meinertzhagen alizichukua kama ngawira, zilirejeshwa Nandi mwaka 2006, na leo ziko katika makumbusho ya Nandi Hills. Huulizwa: kama mtu huyo alikuwa mwongo, kwa nini fimbo zake ziaminiwe? Kwa sababu mnyororo wenyewe ulikuwa mfupi na unaonekana: zilitoka kwa aliyezitwaa hadi kwa mwanawe, na kwa mwanawe hadi Nandi, pasipo mchuuzi katikati. Hatukuhitaji kuamini tabia yake ili kujua mikono iliyozishika. Ndiyo maana humwomba kila mteja aniletee majina ya watu kabla ya kuniletea sifa za kitu.

Dhana potofu zilizobaki nitazipitia kwa haraka.

Wapo wanaosema kwamba medali isiyo na jina ni bandia. Nyota na medali za Vita vya Pili ambazo Uingereza iliwapa askari wake hazikuandikwa majina, kwa hiyo ukingo mtupu ni jambo la kawaida, na jina lililochongwa juu ya nyota ya namna hiyo ndilo hunifanya nichukue kioo cha kukuzia. Penye jina, msilikimbilie. Makarani waliandika majina yetu walivyoyasikia, na akina Ouma na Wafula walioandikishwa hawahesabiki. Shikeni nambari ya askari. Na tafadhali, kwa mara ya elfu, msisugue medali kwa majivu wala dawa ya meno, kwa maana mnafuta kitu pekee kinachoweza kusema.

Wapo wanaoniletea sahani za shaba zenye swastika kutoka maduka ya kale ya Wahindi, wakitarajia bei ya mali ya Hitler. Hiyo ni alama ya heri iliyotumiwa na Wahindu na Wajaini karne nyingi kabla ya chama cha Nazi kuzaliwa, na sahani yenyewe aghalabu ni ya ibada ya nyumbani. Irudisheni kwa mwenyewe.

Kuhusu pengo katika historia ya umiliki, kuna makosa mawili yanayopingana: wengine huliona pengo kuwa ushahidi wa wizi, wengine huliona kuwa si kitu. Inategemea pengo liko wapi. Mchoro wa Ulaya ulionunuliwa katika uuzaji wa vyombo vya nyumba ya mlowezi kule Nakuru au Njoro, na ambao haujulikani ulikuwa wapi kati ya 1933 na 1945, unadai maswali, kwa sababu hiyo ndiyo miaka ambayo Wanazi walipora familia za Kiyahudi. Nchi 44 zilikubaliana misingi ya kushughulikia mali hiyo mjini Washington mwaka 1998. Jibu la kwanza mara nyingi liko nyuma ya fremu. Waporaji wenyewe waliandika nambari, kwa mfano herufi R na tarakimu kwa mali ya ukoo wa Rothschild. Anayebandua karatasi za nyuma ili picha "ipendeze ukutani" ameharibu zaidi ya mchwa.

Risiti ya mnada huonyesha umemlipa nani, basi. Haimfanyi aliyekuuzia kuwa mwenye mali, na haikuruhusu kukisafirisha kitu nje. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Mwaka 1895 ndio Wabukusu waliposhambuliwa katika ngome ya Chetambe kule Webuye, kwa hiyo mwenye mkuki uliorithiwa kutoka huko asipuuze mwaka uliotengenezwa.

Na wapo wanaonijulisha kwa ushindi kwamba wametafuta intaneti na hawakuona kitu, hivyo hakuna mdai. Majalada yapatayo 8,800 ya makoloni 37, yakiwemo ya Kenya, yalikaa mafichoni Hanslope Park, Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoilazimisha serikali kukiri mwaka 2011 kwamba yapo. Kutoonekana kwa jalada kunaeleza tu mahali ulipotafuta.

Yule kijana wa Siaya nilimwagiza arudi nyumbani akatafute karatasi yoyote yenye nambari. Alirejea baada ya wiki tatu na cheti cha kuachiliwa jeshini, kilichokunjwa mara nne ndani ya Biblia ya nyanya yake, na nambari ikalingana na ya ukingoni tarakimu kwa tarakimu. Kwa hiyo medali ni ya babu yake, hilo sasa linaweza kuandikwa na kutiwa sahihi. Ndipo akaniomba, kwa heshima zote, ripoti isikitaje kile kipau. Nimeiandika pamoja na kipau chake, na bado hajaja kuichukua.